Dada Wawili Wakiongea kwa Pamoja

Mtihani wa kidato cha nne nilipata A ya Kiswahili, na jambo hilo sikumwachia mtu yeyote alisahau. Mwaka wa 2007 nilikuwa fundi wa kompyuta katika saiba moja mjini Nakuru, upande wa kuteremkia Bondeni. Mteja akiniambia "kitabu imeanguka", nilikiokota na kumrudishia pamoja na ngeli yake: kimeanguka. Walinichoka. Nilikuwa na ulimi mwepesi na hasira za karibu, na nilijua kila kitu, kama mtu yeyote wa miaka ishirini na mitano.

Saiba yenyewe ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la vitambaa. Mbele, bosi aliuza sare za shule na vitambaa vya suti. Nyuma, mahali palipokuwa stoo ya majora, alipanga kompyuta nane za mitumba alizozinunua Nairobi kwa mpigo mmoja. Mama yake alikaa mbele na mkasi mkubwa. Alikata kitambaa kwa jicho tu, bila rula, na sikuwahi kuona mshonaji akirudi kulalamika. Wote tulimwita Ba, kama mwanawe alivyomwita, maana ndiyo mama kwa Kigujarati.

Ba alizaliwa Nakuru, akaolewa Nakuru, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazee wa Kihindi wa zamani, chenye vitenzi visivyo na mwenyewe. "Nakuja" kwake ilikuwa mimi naja, wewe waja, mvua yaja. Ilibidi utazame kidole chake kinaelekea wapi. Kwa mtu mwingine ningewashwa mwili mzima, lakini Ba nilimpenda, na kila saa nne alinimiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake mwenyewe. Basi badala ya kumsahihisha nilifanya jambo baya zaidi, ambalo wengi wetu tulilifanya mbele ya wazee wa Kihindi: nilimjibu kwa Kiswahili hicho hicho, nikidhani ndiyo adabu.

Kila Jumamosi saa tisa alasiri Ba aliweka mkasi chini, akaja nyuma, akaketi kwenye kompyuta namba moja. Nilimvalisha hedifoni na kumpigia dada yake mkubwa aliyekuwa Uingereza, kupitia intaneti. Ilikuwa sauti tu; picha ungeingoja hadi Krismasi. Walizungumza Kigujarati, nami sikuambulia kitu isipokuwa neno achari, ambalo lilirudi mara nyingi. Baada ya dakika kumi au ishirini, sauti ilikufa. Ba alivua hedifoni, akazilaza mezani taratibu, na kusema, "Nakata tena."

Kilichokata nilikijua, na kiliniaibisha. Mimi ndiye niliyemshawishi bosi aondoe mfumo wa zamani uliojaa virusi na kuweka ule wa bure, ambao kila mtu anaruhusiwa kuufungua, kuusoma na kuutengeneza. Ulikwenda vizuri kila mahali ila kwenye kadi ya mtandao, ile sehemu ya kompyuta inayopokea na kutuma kila kitu kupitia waya. Mara mbili tatu kwa siku kadi ya kompyuta mojawapo ilizubaa. Taa iliwaka, waya ulikuwa mzima, lakini hakikuingia kitu wala kutoka hadi niizime kadi na kuiwasha upya kwa amri mbili. Kompyuta zote nane zilikuwa na kadi ya aina moja, na masanduku yake yalikuwa membamba, hayana nafasi ya kuchomeka nyingine. Wateja hawakulalamika sana. Nakuru ya wakati huo ilizoea intaneti kupotea kama stima. Mtu alisema "network mbaya leo" na kwenda zake kununua mahindi ya kuchoma. Nami nilinyamaza kimya, mwizi asiyetajwa.

Simu ya Ba ndiyo haikuwa na msamaha. Nilipoiwasha kadi, mazungumzo yalikuwa yameshakufa, na Ba hakutaka kamwe kupigiwa mara ya pili. Nilishangaa kidogo kwa nini hataki, lakini sikuuliza.

Jumamosi ya sita alivua hedifoni kabla ya dakika kumi.

"Nakata tena," alisema.

"Pole, Ba," nilimwambia, nikiifikiria kompyuta namba moja. "Iko zee sana. Iko choka."

Alinitazama. "Iko gonjwa?"

"Ndani yote iko haribika, Ba. Leo natengeneza, kesho naharibika. Mimi nachoka na yeye."

"Sasa nafanya nini?"

"Dawa iko moja tu. Natupa, natafuta ingine."

Ba alisimama, akachukua kibeti chake na chupa yake ya chai, akatoka bila kuaga. Jumatatu hakuniitikia salamu. Saa nne ikapita kavu, bila chai. Saa tano bosi akaniita pembeni, nyuma ya majora ya kaki.

"Umemwambia mama yangu nini?"

"Kuhusu nini, boss?"

"Anasema umemwambia dada yake amezeeka, ameoza ndani, na dawa ni atupwe atafutwe mwingine."

Nilicheka. Kisha nikaona uso wake, nikaacha kucheka. Wiki sita Ba alikuwa akisema "nakata", na wiki sita mimi nilikuwa nikisikia mashine inakata. Yeye alimaanisha dada anakata. Mimi mwenye A nilishindwa na kitenzi kimoja kwa sababu hakikubeba mwenyewe, na sikuwahi kuuliza ni nani.

Bosi alinieleza yaliyobaki. Nyanya yake, mama wa Ba na wa dada yake, alipougua hapa Nakuru, huyo dada mkubwa alikuwa ameshahamia Uingereza, na hakuja. Ba alimuuguza peke yake hadi mwisho. Baada ya hapo dada hao walikuwa wakitumiana kadi za sikukuu tu, mistari miwili, hadi intaneti hii ilipowapa sauti.

"Wanaanza vizuri," bosi alisema. "Baridi, magoti, achari. Lakini wakifika kwa stori ya nyanya, hapo ni vita, hakuna mtu anangoja mwenzake amalize. Na hapo ndio simu inakata. Kila time. Sasa Ba anaamini dada yake hataki kusikia, ndio anamkatia. Amesema anakuja Jumamosi moja tu, ya mwisho. Akikatiwa tena, hatampigia maisha yake yote. Na vile namjua, hatapiga."

Nilijisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia mbele ya mashine yoyote. Nilitaka kwenda mbele nimwombe Ba radhi pale pale. Bosi akanishika mkono, akasema maneno hayatasaidia. Ba alikuwa amesikia ya kwangu ya kutosha.

Lakini bosi alikuwa amenipa kitu bila kujua. Hakuna mtu anangoja mwenzake amalize. Programu ile ya simu haikutuma kitu cha maana ukiwa umenyamaza. Dada mmoja akisema, mzigo ulikwenda upande mmoja. Wakisema wote wawili, mzigo uliingia na kutoka kwa wakati ule ule. Mchana huo niliunganisha kompyuta mbili na kuziamuru zitumiane mafaili makubwa. Upande mmoja tu, zilikwenda saa nzima bila neno. Pande zote mbili kwa pamoja, kadi ilizubaa kabla sijamaliza kuketi. Nilipiga makofi peke yangu. Ugonjwa unaokuja ukiuita ni nusu ya dawa.

Nusu nyingine ilikuwa ndani ya kernel. Hicho ndicho kiini cha mfumo mzima, na kama kiini cha yai, hukioni mpaka uvunje kitu. Ndani yake kuna kipande kinachoitwa draiva, ambacho kazi yake ni kuzungumza na kadi. Nilichapisha draiva nzima, kurasa thelathini na kitu, bosi akiugulia karatasi zake, nikawa natembea nayo. Nilisoma dukani, nilisoma nikipanda kwetu Kiamunyi kwa miguu, matope hadi kwenye kifundo, nikizungusha kalamu kwenye mistari niliyoishuku. Hadi Jumatano nilikuwa nimeshuku kila mstari.

Nilimwandikia barua pepe mtu aliyeitunga draiva hiyo, katika nchi ya mbali, nikamweleza. Alinijibu kwa mkato: kwake haitokei, na je, afanye nini ili itokee? Nilikuwa nimechoka, nikamwandikia ukweli wangu, kwamba anahitaji dada wawili waliokosana. Kesho yake likaja jibu: "Mimi ninaye mmoja tu, na tunaelewana." Nilikasirika, halafu nikacheka, halafu nikamtumia maelezo kamili ya mafaili, kama mtu mzima.

Ijumaa asubuhi nilikuwa bado sina kitu. Nilifungua simu yangu na kuona watu watatu wameniflash usiku na alfajiri. Kuflash wakati huo kulikuwa lugha kamili: unampigia mtu, inalia mara moja, unakata kabla hajashika, na senti yako inabaki mfukoni. Mama yangu, aliyekuwa akifunga maua kwenye shamba moja karibu na Kamere, alikuwa na sarufi yake. Flash moja, mimi mzima. Flash mbili, nipigie. Basi niliwapigia wale watatu mmoja mmoja, na nilipomaliza nikabonyeza "futa zote", kama kawaida yangu, nikarudi kwenye karatasi.

Saa nne simu ililia na haikukatika. Ilikuwa Mama, amepiga kabisa, kwa credit yake. Nilishika nikijua mtu amefariki.

"Wewe! Simu yako iko na shida gani? Nimekuflash mara mbili, nikangoja, nikakuflash mara mbili tena!"

"Sijaona, Mum."

"Hujaona aje?"

"Nilikuwa naongea na watu. Halafu nikafuta missed calls."

"Unafuta kabla ya kusoma?"

"Nilikuwa nimesoma, Mum. Walikuwa watatu, nikawapigia wote—"

"Ulisoma wale wa kwanza. Mimi nimeingia ukiwa kwa simu na wao. Ukafuta na mimi. Sasa mimi nimekaa hapa nikingoja unipigie, na wewe umekaa huko ukijua hakuna mtu anakutafuta. Si tungengojana hadi Yesu arudi?"

Nilisimama. Karatasi zikaanguka zote.

"Mum," nilisema, "nakupenda sana. Kata simu."

"Umekunywa?" aliuliza, kisha akakata. Baadaye nilikumbuka kwamba sikumwuliza alichokuwa akinitafutia. Ilikuwa kitambaa cha kwaya.

Maana kadi ya mtandao nayo haipigi simu, inaflash. Kikiingia kitu inaflash kernel. Kilichotumwa kikishaondoka inaflash tena. Kernel inafungua orodha ya flash, inaona kuna nini, inakwenda kuhudumia, kisha inafuta. Na draiva ile ilikuwa na tabia yangu mimi: ilisoma orodha mwanzoni, ikawahudumia iliowaona, na mwishoni ikabonyeza "futa zote". Flash iliyoingia katikati ilifutwa bila kusomwa. Kadi ikakaa ikingoja, kernel ikakaa ikijua hakuna anayeitafuta. Mtu mmoja akiongea, flash zilifika kwa foleni na bahati ikatosha. Wakiongea wawili, zilikanyagana.

Niliokota karatasi na kuupata mstari wenyewe kwenye ukurasa wa kumi na tisa. Nilikuwa nimeshauzungushia kalamu Jumanne, nikauacha, kwa sababu ulionekana msafi. Kufuta si kosa; nani hafuti? Niliuhamisha juu, kabla ya huduma, na kuuambia ufute zile tu ilizosoma. Flash mpya ikiingia, ingekutwa pale pale. Mstari mmoja! Wiki nzima nilikuwa nikijiona mjinga kwa ajili ya mstari mmoja.

Kuijenga kernel upya kulichukua mchana wote, kompyuta ikinguruma kama kinu cha posho. Nilipoiwasha nilituma tena mafaili pande zote mbili na kukaa mbele yake nikila mandazi. Hadi tunafunga duka ilikuwa inakwenda. Niliiacha usiku kucha, na Jumamosi asubuhi niliikuta bado inakwenda, nikaupeleka mstari wangu kwa yule mtu wa mbali pamoja na salamu kwa dada yake. Kisha nikaiweka kernel mpya kwenye kompyuta namba moja.

Saa tisa Ba alikuja. Bosi ndiye aliyembembeleza. Aliketi bila kunitazama, na nilichuchumaa kando ya kiti chake nikamwambia kwa Kiswahili kamili, polepole, kila kitenzi na mwenyewe wake.

"Ba, ni mashine iliyokuwa ikikata. Mashine hii. Dada yako hajawahi kukukatia hata siku moja. Na mimi niliposema ni ya kutupwa, nilisema mashine. Nisamehe."

Ba alitazama kompyuta, akanitazama mimi. "Naona," alisema. Kama ni yeye aliyeona, au mimi nitakayeona, sikuthubutu kuuliza.

Simu ikashika. Ilikuwa miezi ya kampeni, kabla ya mambo yaliyokuja baada ya uchaguzi, ambayo yana watu wake wa kuyasimulia, na nje lori lilikuwa likipita na spika za kupasua masikio. Ba alikinga hedifoni kwa viganja. Baridi. Magoti. Achari. Mimi nilifungua pembeni ya skrini dirisha dogo lenye namba mbili, moja ya vinavyoingia na moja ya vinavyotoka, zikapokezana kupanda kwa heshima, huyu kisha yule.

Halafu sauti ya Ba ikapanda. Nilimsikia na dada yake pia, akitoboa hedifoni. Namba zote mbili zikaanza kukimbia kwa pamoja. Bosi aliacha mteja mbele akaja kusimama mlangoni, jora begani. Ba alipiga meza kwa kiganja. Ilifika mahali, katikati ya sentensi, akanyamaza mwenyewe na kufumba macho, na nikajua anangoja ile simu ife. Haikufa. Dada aliendelea kufoka hadi Ba akafumbua macho na kumrudia kwa nguvu mpya, karibu kwa furaha. Waligombana namna hiyo robo saa, kisha nusu saa, hakuna aliyemngoja mwenzake amalize, na mimi nilikuwa nikitaka kuruka dari. Sijawahi kufurahia ugomvi wa watu kiasi kile.

Kisha kukawa kimya. Pande zote mbili.

Ba alinigeukia. Uso wake ulikuwa umeanguka, na mkono ulikuwa umeshafika kwenye hedifoni azivue. Nilitazama namba. Zilikuwa zimepungua mwendo, lakini ile ya vinavyoingia ilisogea moja, ikangoja, ikasogea nyingine.

"Yuko, Ba," nilimwambia. "Dada yako yuko. Anakusikiliza."

Aliuondoa mkono. Alibana hedifoni sikioni, na nadhani alisikia pumzi. Kisha alianza kuongea, kwa sauti ya chini sana ambayo sikujua anayo. Yalikuwa maneno machache. Mlangoni, bosi aliliteremsha lile jora taratibu hadi likagusa sakafu.

"Anasema nini?" nilimnong'oneza.

Bosi aliinama sikioni mwangu.

"Anamwambia nyanya aliuliza yuko wapi, kila siku. Na ile siku ya mwisho akasema, mwambie dada yako sina kinyongo." Alifuta uso kwa pindo la kitambaa cha watu. "Miaka yote hii Ba hakuwa amemwambia. Hata sisi hatukujua."

Mteja aliita kutoka mbele, na bosi hakusogea. Mimi sikuweza kumtazama Ba, na machozi yalikuwa yamenijaa, kwa hiyo nilizitazama namba. Zilikuwa zinapanda zote mbili.